Kabla Hujaruka na Mwavuli Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Mtu wa Kigoma

Nilipomwambia nahodha mmoja mzee pale Kibirizi kwamba nakwenda kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege, hakunikataza. Aliendelea kukunja kamba yake, halafu akauliza: "Mwanangu, huko upepo anausoma nani?" Wengine wote walikuwa wameniuliza kama sina woga. Mzee yule, ambaye hajawahi kupanda ndege, ndiye aliyeuliza swali la maana.

Nawaandikia vijana wa kwetu, wa Mwanga, Gungu, Ujiji, Kasulu, ambao wameona video za watu wakiruka na wanatamani nao siku moja. Woga unao, nami ninao, na haudhuru kitu. Kinachokulinda angani ni mambo yanayofanyika ukiwa bado chini: umechagua watu gani, umewaambia ukweli gani kuhusu afya yako, mikanda imekaaje mwilini, na viungo vyako vimezoea kukaa vipi. Ukifika mlangoni pa ndege, muda wa kujifunza umekwisha.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda kufanya nini

Wengi wetu tumeona askari wa miavuli wa JWTZ wakishuka kwenye sherehe za kitaifa. Ile ni kazi ya jeshi na ina mafunzo yake. Raia anayeanza ana njia tatu.

Ya kwanza ni tandemu, yaani kuruka wawili. Unafungwa mbele ya kifua cha mwalimu, na mwavuli ni mmoja, mkubwa, wa kubeba watu wawili. Ndege inapanda hadi futi 10,000 au 13,000 juu ya ardhi, sawa na mita 3,000 hadi 4,000. Mkitoka mlangoni mnaanguka kwa nusu dakika mpaka karibu dakika nzima, kutegemea mmeanzia wapi, na kasi inafika kama kilomita 200 kwa saa. Mwalimu anafungua mwavuli mkuu kwenye mita 1,500 hivi, kisha mnaelea dakika tano au sita hadi chini.

Mita 1,500 ni umbali gani? Ziwa letu la Tanganyika, penye kina kirefu kabisa, linafika mita 1,470 hivi. Simama ufukweni pale Katonga, wazia maji yote yale yamegeuzwa kuwa hewa, uwe umening'inia juu kabisa na ardhi ikiwa sakafuni mwa ziwa. Hapo ndipo mwavuli unapofunguka. Kile kipimo kilinisaidia kuliko picha zote nilizotazama, kwa sababu nilitambua kwamba hata mwavuli ukigoma, mwalimu bado ana nafasi ya kuutupa na kufungua wa akiba.

Njia ya pili ni kuruka peke yako kwa kamba. Unapanda futi 3,000 au 4,000 tu, na kamba iliyofungwa kwenye ndege inakufungulia mwavuli mara tu unapotoka. Ya tatu inajulikana kwa herufi AFF: baada ya darasa la siku nzima au zaidi unaruka na mwavuli wako mwenyewe mgongoni, walimu wakikushika pembeni mpaka unapofungua. Hiyo ni kozi yenye madaraja saba au nane, na leseni ya kwanza ya chama cha Marekani, USPA, inadai miruko 25. Ushauri wangu ni tandemu kwanza. Utajua kichwa chako kinafanyaje kazi angani kabla hujakabidhiwa mwavuli wako peke yako.

Kila mzigo wa mgongoni una miavuli miwili, mkuu na wa akiba. Ndani yake pia mnakaa kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopima urefu na kasi. Mtu akiwa bado anaanguka kwa kasi karibu na ardhi, chenyewe kinafungua mwavuli wa akiba. Marekani sheria inalazimisha kila mzigo wa tandemu uwe nacho. Mwaka 2023 chama hicho cha USPA kilihesabu vifo 10 katika miruko takriban milioni 3.65 nchini humo. Nakupa namba hiyo ili usidanganywe na upande wowote: hatari ipo, nayo ni ndogo pale kanuni zinapofuatwa. Zisipofuatwa, namba hiyo haikuhusu.

Hatua ya pili: mwili wako, bila kuficha kitu

Hapa ndipo watu wanapojidanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fomu itakuuliza umri, uzito na magonjwa. Umri wa kawaida ni miaka 18. Uzito una kikomo, mara nyingi karibu na kilo 100. Vituo vinatofautiana, na vingine vinadai nyongeza ya pesa kwa mtu mzito. Usipunguze kilo kwenye fomu. Mwalimu anachagua mwavuli na kupanga kutua kwa kutumia namba uliyompa.

Ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, kifafa, ujauzito, upasuaji wa karibuni, mgongo au bega linaloteguka: yoyote kati ya hayo yanatosha kukupeleka kwa daktari kabla hujatuma hata shilingi. Naongeza moja ambalo fomu nyingine hazilitaji waziwazi, na ambalo huku kwetu lipo katika familia nyingi: selimundu. Ndege ndogo ya kurukia haijazwi hewa ndani kama ndege ya abiria. Mita 3,000 juu ya bahari, kila pumzi inakupa kama asilimia 70 tu ya oksijeni ya pwani. Mtu mwenye afya hahisi sana kwa muda ule mfupi, lakini kwa mgonjwa wa selimundu oksijeni ikipungua, chembe za damu zinajikunja na maumivu makali yanaweza kuanza. Kama unaumwa selimundu, au hujawahi kupima na nyumbani kuna mwenye ugonjwa huo, muulize daktari kwanza.

Masikio nayo. Ukiwa na mafua, ahirisha. Unashuka maelfu ya mita kwa dakika chache, na sikio lililoziba kwa makamasi haliwezi kusawazisha shinikizo. Maumivu yake ni makali, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka.

Kisha kuna ndugu zetu wanaozama ziwani kukamata samaki wa mapambo, na yeyote atakayeshawishika kuzama na mtungi baharini siku hiyohiyo akiwa pwani. Ukizama na hewa ya mtungi, shinikizo la maji linasukuma naitrojeni ya ziada ndani ya damu na misuli. Inahitaji saa nyingi kutoka polepole kwa kupumua. Ukipanda angani mapema, shinikizo linashuka ghafla na ile naitrojeni inageuka mapovu mwilini, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Pumzika saa 24 baada ya kuzama ndipo upande ndege. Ukitaka kufanya vyote viwili katika safari moja, anza kuruka, kuzama kufuate.

Hatua ya tatu: chagua kituo, uliza maswali, ndipo ulipe

Kigoma hatuna kituo cha mchezo huu, kwa hiyo utasafiri. Kituo kinachofahamika vizuri katika ukanda wetu kipo Diani, pwani ya kusini ya Kenya, na watu wanatua karibu na bahari. Popote utakapochagua, tafuta simu au barua pepe ya kituo chenyewe, uongee nao moja kwa moja. Mimi nilianza kwa kutuma advansi kwa mtu aliyejitambulisha kuwa wakala. Baada ya wiki moja simu yake haikupatikana tena, na kituo hakikuwa kimewahi kusikia jina langu. Pesa ile ilikuwa ya miezi minne ya kujibana.

Gharama ni dola mia kadhaa kwa tandemu, bila nauli. Kabla ya kulipa, uliza hivi:

Mwalimu wangu ana leseni ya tandemu ya chama gani, na ameruka mara ngapi? Kwa kanuni za USPA, mwalimu wa tandemu lazima awe na miruko isiyopungua 500 na miaka mitatu ndani ya mchezo. Ukijibiwa "usijali, ni mzoefu", rudia swali.

Mwavuli wa akiba ulifungwa lini, na fundi mwenye leseni? Kila mwavuli wa akiba una kadi yenye tarehe na saini. Marekani haupaswi kupita siku 180 bila kukaguliwa na kufungwa upya. Omba kuiona kadi utakapofika. Watu makini hufurahi ukiomba.

Upepo ukiwa mbaya pesa yangu inakuwaje? Inarudi, au inahamia siku nyingine, na kwa muda gani?

Omba pia fomu ya kukubali hatari watume mapema. Huwa ni kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria, na ukipewa asubuhi ya kuruka utaisaini bila kuisoma. Kaa nayo nyumbani pamoja na mtu anayeijua lugha hiyo vizuri. Bima nyingi za safari haziingizi michezo ya hatari, kwa hiyo muulize wakala wako wa bima akuonyeshe kwa maandishi kama kuruka kumo.

Hatua ya nne: safari, na siku za ziada

Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati. Ukitoka Dar unapita Tanga, unavuka mpaka wa Horohoro kuingia Lunga Lunga, na kutoka hapo barabara ya Mombasa inakufikisha Ukunda, mlangoni pa Diani. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kama hujawahi kupanda ndege yoyote na mfuko unaruhusu, nenda Dar kwa ndege, urudi kwa treni. Ile safari itakufundisha masikio yako yanafanyaje na tumbo linavumilia kiasi gani, na ni bora ujue hayo ukiwa umekaa kwenye kiti.

Sasa upepo wa yule mzee. Mvuvi wa Kibirizi kusi ikivuma haingii ziwani, na hakuna anayemwita mwoga. Kituo kizuri kinafanya hivyohivyo. Mwanafunzi anayeruka peke yake, kwa kanuni za USPA, anazuiwa upepo wa ardhini ukizidi maili 14 kwa saa, kama kilomita 22. Tandemu inavumilia zaidi kwa sababu mwalimu ndiye anayeendesha, ila nayo ina kikomo chake. Mawingu mazito yanazuia pia, kwani lazima rubani na mwalimu waione ardhi.

Safari yangu ya kwanza nilikwenda na siku tatu. Siku zote tatu bendera ya upepo ilikuwa imenyooka kama ubao. Kila asubuhi tulikaa chini ya mwembe tukiitazama, na kila saa nane mchana mwalimu alikuja kutuambia bado. Siku ya tatu nikapanda basi kurudi sijaruka. Niliumia, ila nilijua niko kwenye mikono salama. Panga siku tano, omba miadi yako iwe siku ya kwanza, na nauli ya kurudi iweke pembeni usiiguse.

Hatua ya tano: mazoezi mawili ya nyumbani

Unahitaji mkeka na benchi tu. Anza wiki mbili kabla.

Zoezi la kwanza ni mkao wa kuanguka. Lala kifudifudi kwenye mkeka. Kandamiza nyonga chini, inua kifua na kidevu, kunja magoti kidogo na uinue miguu nyuma. Mfikirie mtumbwi majini: tumbo liko chini, omo na tezi zimeinuka. Kwa umbo hilo nyonga zinakuwa sehemu ya chini kabisa ya mwili na upepo unapita sawasawa pande zote, hivyo hamyumbi wala hampinduki. Mtu akiogopa hujikunja kama mtoto tumboni, na hapo anampa mwalimu kazi ngumu. Shikilia kwa sekunde 30, pumzika, rudia mara tano. Pumua muda wote, maana wanaoanza huwa wanabana pumzi kisha wanadai angani hakuna hewa. Hewa ipo.

Zoezi la pili ni kutua, na hili ndilo muhimu kuliko yote. Mnatua mwalimu akiwa nyuma na chini yako. Miguu yako ikitangulia kugusa ardhi, kifundo cha mguu au goti ndilo linalobeba mwendo wa watu wawili. Majeraha mengi ya mchezo huu hutokea hapo, wakati wa kutua. Kaa ukingoni mwa benchi. Shika suruali nyuma ya magoti, vuta, inua miguu yote miwili hadi inyooke mbele yako usawa wa kiuno. Hesabu mpaka kumi. Mara ya kwanza sikuvuka sita, mapaja yakitetemeka. Mama mdogo alinikuta uani nikifanya hivyo, akaketi benchi ileile akajaribu, akafika tisa. Endelea mpaka kumi iwe rahisi.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Kula kidogo, kitu chepesi, uji na kipande cha mkate. Tumbo tupu linakupa kizunguzungu, na lililojaa litakusumbua wakati mwavuli unapoanza kuzunguka. Pombe hapana, tangu jana yake.

Vaa suruali inayokunjika na viatu vya raba vilivyofungwa kamba imara, siyo ndala wala buti zenye vishikizo vya chuma. Joto linapungua kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo pwani ikiwa na nyuzi 30, mita 3,000 juu utakuta kama kumi, baridi ya alfajiri ya Manyovu, tena yenye upepo. Fulana ya mikono mirefu inatosha. Dada anayevaa hijabu avae ile ya michezo inayobana, ncha zote ziingie ndani ya nguo, na pini zote zitolewe. Rasta na nywele ndefu zifungwe chini kabisa ya kisogo. Pete, hereni, saa na meno ya bandia yanayotoka viache chini. Simu pia: USPA inashauri mtu awe na miruko 200 kabla ya kuruka na kamera, kwa hiyo video mwachie mwenye kazi.

Kisha mikanda. Utavalishwa mikanda ya mabegani, kifuani, kiunoni na mapajani. Ikiwa imekaa vizuri huwezi kusimama wima kabisa. Ukijisikia huru, sema. Mwalimu anakuunganisha naye kwa kulabu nne za chuma, mbili mabegani na mbili nyonga. Nilizihesabu zangu kwa kidole ndani ya ndege. Kulabu ya bega la kulia ilikuwa ya baridi, nene kama kidole gumba, na ulimi wake ulipoingia ulitoa mlio mkavu. Mwalimu alinishika mkono, akanifanya nivute kila moja: moja, mbili, tatu, nne. Baadaye, tulipokaribia kufika juu, akazikaza zile za chini mpaka nikasikia kifua chake kikipumua mgongoni mwangu. Usiruhusu mlango ufunguliwe kabla hujahesabu nne.

Ndege huwa ndogo, haina viti vya nyuma, mnakaa sakafuni mkiwa mmebanana. Kupanda kunachukua dakika 20 hadi 30. Kwangu huo ndio muda mgumu kuliko wote. Meza mate mara kwa mara, tazama nje, rudia maelekezo kwa sauti. Na ujue jambo hili: ukibadili mawazo, unamwambia mwalimu waziwazi, unashuka na ndege. Wapo wanaofanya hivyo na hakuna aibu.

Mlango ukifunguliwa, kelele ya upepo inafunika kila kitu. Miguu nje, visigino vikunjwe chini ya ndege, mikono ishike mikanda kifuani, kichwa kilale nyuma kwenye bega la mwalimu. Ukiwa hivyo unatazama anga, huoni chini. Tumbo halikurukii kooni kama kwenye gari linaloshuka bonde ghafla, kwa sababu ndege yenyewe ilikuwa inakwenda kasi na upepo unakupokea mara moja. Mwalimu anafungua kimwavuli kidogo cha kupunguza kasi, anakugusa begani, nawe unaachia mikono na kuwa mtumbwi.

Mwavuli mkuu ukifunguka utahisi mapaja yamevutwa, halafu ukimya mkubwa. Hampandi juu kama video zinavyoonyesha; mpiga picha ndiye anayeendelea kuanguka. Sasa ziba pua, puliza taratibu ili masikio yafunguke. Kizunguzungu kikija mwambie mwalimu asizungushe mwavuli, atakusikia vizuri.

Mita chache za mwisho utasikia "inua miguu". Inua juu kabisa, hata ukiona ni mapema, na usiishushe mpaka uambiwe. Mtateleza kwa makalio kwenye nyasi au mchanga.

Baada ya kutua

Kaa nusu saa kabla ya kushika usukani wa kitu chochote, maana mikono itatetemeka. Kunywa maji. Sikio likibaki limeziba hadi kesho yake, au mgongo ukiuma unapoinama, nenda hospitali kabla ya kuanza safari ya kurudi. Usikate tiketi ya basi la usiku huohuo.

Na kama moyo umekubali na unataka kuendelea na mafunzo ya AFF, nunua daftari dogo palepale. Andika tarehe, aina ya ndege, urefu mliotoka, sekunde mlizoanguka na hali ya upepo ardhini, mwalimu aweke saini na namba yake ya leseni. Mwalimu wako wa AFF atataka kuona ukurasa huo wa kwanza.